Neno moja kati ya hati ya kuzaliwa na dawati la shule

Tangu Rais Donald Trump atie saini, Januari 20, 2025, amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko huko yamekuwa na swali moja lisiloisha: je, watoto watafukuzwa shule? Mmoja hujibu kwa hofu kwamba ndiyo, jiandaeni. Mwingine, mara nyingi yule anayefuatilia habari za sheria, huwatuliza wenzake: uraia ni jambo moja na shule ni jambo jingine, tena Mahakama ya Juu ilikwishaamua zamani kwamba mtoto hahitaji kibali cha ukaazi ili asome. Kundi hutulia, mazungumzo yakahamia kwenye mengine.

Jibu hilo la pili ni sahihi kwa leo, na ninaelewa kwa nini linawapa watu usingizi. Lakini limeacha nje jambo kubwa kuliko lililosema. Haki ya mtoto wa mhamiaji kukaa darasani na haki ya mtoto aliyezaliwa Marekani kuwa raia zimeandikwa katika kifungu kimoja cha Katiba ya nchi hiyo, na zote mbili zinategemea neno lilelile: mamlaka. Anayelibana neno hilo upande wa uraia anachimba chini ya ukuta wa shule, hata kama hajalitaja darasa popote. Tena uraia wa kuzaliwa ndio ulioiwezesha haki ile ya shule kudumu zaidi ya miaka 40, kwa sababu ulihakikisha kwamba mkosi wa kukosa makaratasi unakoma kwa kizazi kimoja. Ukiondolewa, shule za Marekani zitakuja kuwapokea wajukuu wa wahamiaji wakiwa bado wanahesabiwa wageni.

Tuanze na amri yenyewe, maana imepita midomo mingi ikabadilika sura. Haikusema kwamba waliokwisha kuzaliwa watanyang'anywa uraia. Iliwalenga watakaozaliwa baada ya siku 30 tangu kutiwa saini, na iliwaweka katika mafungu mawili. La kwanza ni mtoto ambaye mama yake yuko Marekani bila kibali, na baba yake si raia wala hana kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu. La pili ni mtoto ambaye mama yake yupo kihalali ila kwa muda tu, na baba naye si raia wala mkaazi wa kudumu. Hili la pili ndilo linalowashtua watu kila ninapolieleza, kwa sababu viza ya masomo na viza ya kazi zimetajwa humo waziwazi. Mume na mke kutoka Moshi au Kisumu wanaosomea shahada ya uzamivu, waliolipa ada na kutimiza kila sharti, wakijaliwa mtoto katikati ya masomo, mtoto wao naye asingekuwa raia. Wanaodhani amri hii inawahusu waliovuka mpaka usiku peke yao hawajaisoma.

Mahakama ziliizuia kabla haijaanza kutumika. Jaji John Coughenour wa Seattle, aliyeteuliwa na Ronald Reagan, aliisimamisha siku tatu baada ya kutiwa saini, akasema inakiuka Katiba waziwazi. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 27, 2025 ulipokelewa na wengi kana kwamba umeipitisha amri. Haukufanya hivyo. Ulihusu uwezo wa jaji mmoja wa ngazi ya chini kutoa zuio la nchi nzima, na swali la uraia halikuguswa. Wiki mbili baadaye Jaji Joseph Laplante wa New Hampshire aliizuia tena, safari hii kupitia kesi ya pamoja iliyowakusanya watoto wote wanaoweza kuathirika. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuusikiliza mzizi wa shauri.

Mzizi huo ni Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa Julai 1868. Miaka 11 kabla yake, katika shauri la Dred Scott, mahakama hiyohiyo ilikuwa imetamka kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa hawezi kamwe kuwa raia wa Marekani, hata awe amezaliwa huko yeye, baba yake na babu yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapiganwa, utumwa ukafutwa, na walioshinda wakaandika sentensi ya kuufuta uamuzi ule: watu wote waliozaliwa Marekani, au waliopewa uraia wake, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia. Baada ya sentensi hiyo, bado katika kifungu hichohicho, wakaandika kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu yeyote aliye ndani ya mamlaka yake ulinzi sawa wa sheria. Sentensi ya kwanza inampa mtoto uraia. Hiyo nyingine, karne moja na zaidi baadaye, ndiyo iliyompa dawati. Sisi watu wa Afrika tuna sababu ya pekee ya kukumbuka kwamba sentensi hizi zilizaliwa kutokana na machungu ya watoto wa watumwa. Kila mhamiaji anayefaidika nazo leo anakaa kwenye kivuli cha mti walioupanda wao.

Ni katika jiji moja, San Francisco, ambako mambo haya mawili yalipimwa mapema, tena kwa watoto wa Wachina. Mwaka 1884 wazazi wa Mamie Tape, binti wa miaka minane aliyezaliwa humo, waliishtaki shule iliyomkataa kwa sababu ya asili yake. Mwaka 1885 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba sheria ya jimbo inampa haki ya kusoma. Wakuu wa elimu hawakuikaidi hukumu waziwazi. Waliharakisha sheria mpya ya kuruhusu shule ya peke yake ya Wachina, na binti akapelekwa huko. Miaka 13 baadaye, Machi 1898, ikaja hukumu ya Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa jijini humo na wazazi Wachina, ambaye alikwenda China kutembea na aliporudi akazuiliwa bandarini kwa hoja kwamba si raia. Wakati huo sheria ya kuwafungia mlango Wachina ilikuwa imeshatimiza zaidi ya muongo mmoja, na wazazi wake wasingeweza kupewa uraia hata wangeomba. Majaji sita dhidi ya wawili wakasema yeye ni raia kwa sababu amezaliwa pale. Angalia utaratibu wake: binti aliyeshinda shauri la shule bila kinga ya uraia iliyothibitishwa alipewa ushindi wa upande mmoja, ukachukuliwa kwa upande mwingine.

Shauri la shule lenye uzito wa nchi nzima lilitoka Texas. Mwaka 1975 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuacha kuzilipa wilaya za shule fedha kwa ajili ya watoto wasio na vibali, na mwaka 1977 wilaya ya Tyler ikaanza kuwadai dola 1,000 kila mmoja kwa mwaka. Wazazi wao walikuwa vibarua. Kiasi hicho kilikuwa sawa na kuwaambia wasije. Familia chache zikaenda mahakamani, na Jaji William Wayne Justice akaisikiliza kesi yao alfajiri ili wasionekane na wengi. Wazazi walifika na mizigo yao ndani ya magari, wakijua huenda wakakamatwa na kurudishwa Mexico siku hiyohiyo. Kesi ikapanda hadi Washington, na Juni 1982, katika shauri linalojulikana kama Plyler dhidi ya Doe, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa kosa la mzazi wake. Jaji William Brennan aliandika kwa wasiwasi juu ya hatari ya kuzalisha tabaka la chini la kudumu, watu wanaoishi nchini bila kuwa wa nchi. Tofauti ya kura moja tu ndiyo inayowaweka watoto hao darasani mpaka leo.

Hapa ndipo lilipo lile jambo linalosahauliwa. Texas ilijitetea kwa kusema kwamba mtu asiye na kibali, ingawa mwili wake uko Texas, hayumo ndani ya mamlaka yake kwa maana ya Katiba. Majaji wote tisa, hata wanne waliopinga hukumu, waliikataa hoja hiyo. Na Brennan, katika tanbihi, aliirejelea hukumu ya Wong Kim Ark na kusema kwamba kuhusu mamlaka hakuna tofauti yenye mantiki kati ya mgeni aliyeingia kwa kibali na aliyeingia bila kibali. Kwa maneno mengine, hukumu ya shule ya 1982 iliegemea hukumu ya uraia ya 1898. Sasa hoja ya serikali katika kutetea amri ya 2025 ni kwamba mzazi asiye na kibali, au aliyepo kwa muda, hayuko chini ya mamlaka ya Marekani kikamilifu. Mwanasheria makini atasema kwamba "chini ya mamlaka" na "ndani ya mamlaka" ni maneno mawili tofauti, na kwamba mahakama inaweza kuigusa sentensi moja ikaiacha nyingine. Ni kweli inaweza. Ila wanaotaka kuiangusha hukumu ya Plyler watakuwa wamepewa ngazi ambayo majaji tisa waliwanyima.

Wanaoitetea amri wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Iliyo na nguvu kuliko zote ni ya maandishi. Wanasema kama kuzaliwa ndani ya mipaka kungetosha, waandishi wa 1868 wasingeongeza maneno kuhusu mamlaka. Wanakumbusha kwamba mwaka 1884, katika shauri la Elk, mahakama ilimnyima uraia mtu wa jamii ya Wenyeji wa asili wa Amerika aliyezaliwa ndani ya nchi, na kwamba wazazi wa Wong Kim Ark walikuwa wakaazi halali. Hoja hii siidharau. Lakini Wenyeji wa asili walihesabiwa kuwa watu wa mataifa yao, yenye mikataba na Marekani, na Bunge lenyewe liliwapa uraia mwaka 1924. Mhamiaji hana mkataba wa namna hiyo: anakamatwa, anashtakiwa na kufungwa kama mtu mwingine yeyote, na hayo ndiyo mamlaka. Tena mwaka 1866, Seneti ilipokuwa ikijadili sentensi hii, Seneta Edgar Cowan aliuliza kwa hofu kama watoto wa Wachina nao watakuwa raia. John Conness wa California, yeye mwenyewe mzaliwa wa Ireland, akasimama na kujibu kwamba ndiyo, watakuwa raia. Walijua wanachokipigia kura.

Hoja ya pili ni ya kulinganisha: nchi nyingi duniani hazitoi uraia kwa kuzaliwa tu, kwa nini Marekani ilazimike? Ni kweli. Uingereza iliacha mwaka 1983, Australia 1986, na Ireland iliondoa utaratibu huo baada ya kura ya maoni ya 2004. Lakini wanaotoa mifano hii huishia nusu ya habari. Uingereza, mtoto aliyezaliwa huko na kuishi miaka yake 10 ya mwanzo anaweza kusajiliwa kuwa raia. Australia, akitimiza miaka 10 akiwa anaishi huko anakuwa raia kwa nguvu ya sheria yenyewe. Nchi hizo zilifunga mlango wa mbele zikaacha wa uani, na mlango huo wa uani unapitia miaka ya shule: mtoto aliyekua na wenzake darasani anahesabiwa mmoja wao. Amri ya Trump haina mlango wowote wa uani. Mtoto atazaliwa Houston, atasoma Houston kuanzia chekechea hadi darasa la 12, na atabaki mgeni kama siku aliyozaliwa.

Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali kujua mwisho wa njia hiyo. Wamakonde waliotoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani ya Kenya walizaa, wakazeeka, wakazikwa huko, na watoto wao wakaendelea kukosa kitambulisho. Bila kitambulisho hakuna ajira rasmi, hakuna akaunti ya benki, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu hata kusajiliwa mtihani wa taifa. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai kutambuliwa, na vitambulisho wakaanza kuvipata mwaka 2017, takriban miaka 80 tangu wa kwanza wao kuja. Washona wakafuata, kisha Wapemba mwaka 2023. Tanzania nako, waliokimbia Burundi mwaka 1972 walizaa watoto katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto hao walisoma shule zetu kwa Kiswahili chetu na hawakuijua nchi nyingine, lakini ilikuwa mpaka 2014 ndipo watu zaidi ya 160,000 wa jamii hiyo walipopewa uraia. Uamuzi ule ulikuwa wa utu, na ninajivunia kwamba ulitoka kwetu. Ila ulichukua zaidi ya miaka 40, na kwa muda wote huo kulikuwa na watoto waliofaulu masomo bila kujua cheti kitawapeleka wapi. Nikisikia Mswahili akisema Marekani ifanye kama nchi nyingine, natamani aongee kwanza na mtu wa Katumba.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayovuma kuliko zote: kwamba watu huenda kuzaa Marekani ili mtoto awape wazazi makaratasi. Wapinzani wa wahamiaji humwita mtoto wa nanga, kana kwamba akizaliwa familia nzima imetia nanga. Sheria haisemi hivyo. Mtoto raia hawezi kumwombea mzazi wake ukaazi mpaka atimize miaka 21. Na mzazi aliyeingia bila kupita kwa maofisa wa mpakani, hata siku hiyo ikifika, kwa kawaida hulazimika kutoka nje ya nchi kwanza, na akiwa ameishi bila kibali zaidi ya mwaka, akitoka anakumbana na marufuku ya kurudi kwa miaka 10. Wazazi wa watoto raia wanarudishwa makwao kila mwaka. Wapo matajiri wachache wanaosafiri kwenda kujifungua na kurudi kwao, na hao wanaweza kudhibitiwa kupitia viza. Kuandika upya uraia wa taifa zima kwa ajili yao ni kubomoa nyumba ili kumtoa panya.

Inabaki hoja ya gharama za shule, na hapa nakiri kuna ukweli unaouma. Shule za umma za Marekani huendeshwa zaidi kwa fedha za jimbo na kodi ya majengo ya eneo husika, na serikali kuu hutoa sehemu ndogo. Kwa hiyo mji unaopokea watoto wengi wageni kwa ghafla ndio unaotafuta walimu wa Kiingereza, wakalimani na nafasi, wakati sera ya mipaka imeamuliwa kwingine. Walimu wa Louisville, Kentucky, ambako Kiswahili cha watoto wa wakimbizi wa Kongo kimekuwa lugha ya kawaida kwenye korido za shule, wanaijua kazi hiyo. Mzazi asiye na kibali naye huchangia, maana kodi ya jengo imo ndani ya kodi ya pango anayomlipa mwenye nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu ameshika jembe miaka 15. Hata tukiziacha hesabu hizo, kuondoa uraia hakumwondoi mtoto hata mmoja darasani. Anabaki palepale, na mahitaji yaleyale ya kufundishwa kusoma, ila sasa hana kibali. Taasisi ya Migration Policy Institute pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha Penn State walikadiria mwaka 2025 kwamba watoto wapatao 255,000 kila mwaka wangeanza maisha bila uraia wa Marekani, na kwamba kufikia 2045 wasio na vibali wangekuwa wameongezeka kwa milioni 2.7. Amri iliyotangazwa kuwa dawa ya ukaazi usio halali ingewaongeza wakaazi wa aina hiyo, na wangekuwa watu ambao hawajawahi kuvuka mpaka wowote.

Idadi hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye hukumu ya 1982. Kwa miaka yote hii, watoto wasio na vibali shuleni wamekuwa sehemu ndogo, kwa sababu wadogo zao huzaliwa raia. Watoto wa umri chini ya miaka 18 waliozaliwa Marekani na kuishi na mzazi asiye na kibali walikadiriwa na kituo cha utafiti cha Pew kuwa milioni 4.4 mwaka 2022, na hao wote ni raia. Mwanasiasa anayetaka kuwaondoa wasio raia shuleni leo anapigania fedha kidogo kwa aibu kubwa. Kundi likikua mwaka hadi mwaka, hesabu yake inabadilika. Na wanaopima upepo wapo tayari. Mwaka 2022 Gavana Greg Abbott wa Texas alisema hadharani kwamba angependa hukumu ya Plyler irudiwe. Mwaka 2025 Seneti ya Tennessee ilipitisha muswada wa kuruhusu wilaya za shule kuwakataa au kuwatoza ada watoto wasio na vibali, ingawa haukufika mwisho. Mwaka huohuo wa 2025, mwezi Januari, serikali kuu ilifuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa uhamiaji kufanya operesheni shuleni na makanisani. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayozungumzia uraia wa kuzaliwa, lakini zote zingepata nguvu mpya kama uraia huo ungebanwa.

Liko pia jambo la vitendo ambalo raia wenyewe hawajalitafakari. Leo Marekani hati ya kuzaliwa inatosha kuthibitisha uraia. Mzazi huipeleka shuleni kuonyesha umri wa mtoto, na hakuna anayeuliza zaidi. Ikiwa kuzaliwa hakutoshi tena, karatasi hiyo itakuwa nusu ya ushahidi kwa kila mtoto, hata wa raia wa vizazi saba, mpaka mzazi alete nyaraka zake mwenyewe. Atakayetazamwa mara mbili kwenye dirisha la ofisi tunamjua: ni yule mwenye jina la Juma, la Mwamba au la Hernandez. Dada mmoja wa ukoo wetu aliyeko huko, mwenye kadi ya kijani, ameanza kutembea na bahasha yenye hati zote za wanawe ndani ya mkoba wake. Amri haimhusu kabisa, nami nimemweleza. Bahasha haijatoka mkobani.

Mtoto ambaye angezaliwa siku ya kwanza ya amri hiyo, katika hospitali yoyote ya Texas, angeingia chekechea mwaka 2030. Chini ya hukumu ya Plyler mwalimu angempokea bila kumuuliza makaratasi, angemfundisha kuapa mbele ya bendera kila asubuhi, na mwaka 2043 angevaa joho la mahafali na wenzake. Wenzake wangetoka uwanjani kwenda kuomba mikopo ya chuo, kazi, leseni. Yeye asingeweza kuajiriwa kihalali katika jimbo alikozaliwa, wala kupata pasipoti ya nchi pekee anayoijua. Na siku atakapozaa, kama mwenzi wake naye si raia wala hana kadi ya kijani, mtoto wao angeanza mahali palepale alipoanzia yeye.